Kizunguzungu Kinachotokana na Matatizo ya Shingo

Wananchi wengi wanaofika zahanati wakilalamikia kizunguzungu hudhani mara moja kuwa ni presha. Dhana hiyo ina msingi, ndiyo maana shinikizo la damu hupimwa mapema. Lakini kipo chanzo kingine kisichosemwa sana, nacho ni shingo.

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Viungo na misuli midogo iliyo karibu na fuvu ina neva nyingi zinazoujulisha ubongo mahali kichwa kilipo, nao ubongo hulinganisha taarifa hizo na zile za macho na sikio la ndani. Shingo iliyoumia au kukakamaa hutoa taarifa zisizolingana na nyingine, na mgonjwa huhisi kuyumba kama aliyesimama ndani ya ngalawa. Huweza kumpata aliyetikiswa shingo katika ajali ya bodaboda, au fundi cherehani anayeinama kutwa nzima.

Kizunguzungu hiki huambatana na maumivu ya shingo na huongezeka inapogeuzwa. Anayeona nyumba ikizunguka kwa sekunde chache kila anapojigeuza kitandani huenda ana tatizo la sikio la ndani, ambalo tiba yake ni tofauti. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha kuwa chanzo ni shingo. Mtaalamu hufikia hitimisho hilo baada ya kuchunguza presha, sukari, upungufu wa damu na masikio. Mgonjwa asichoke akipimwa mengi.

Tiba kuu ni mazoezi, yakielekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye mgonjwa anaweza kupewa rufaa ya kumwona. Zoezi moja jepesi ni kukaa wima, kurudisha kidevu nyuma polepole bila kuinamisha kichwa, kushikilia kwa sekunde 5, kisha kurudia mara 10. Kizunguzungu kikizidi, zoezi lisitishwe. Mto wa kulalia usiinue kichwa kupita usawa wa mgongo. Mwenye tatizo hili apumzike kubeba mizigo kichwani: ndoo ya lita 20 za maji ina kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Dawa za kutuliza kizunguzungu zisitumiwe muda mrefu bila ushauri, kwa kuwa huchelewesha ubongo kuzoea.

Lipo jambo la kukemewa. Baadhi ya vinyozi humaliza kazi kwa kumpinda mteja shingo ghafla mpaka ilie. Kitendo hicho kinaweza kuchana mshipa wa damu unaopita ndani ya pingili kuelekea ubongoni na kusababisha kiharusi. Mteja ana haki ya kusema kuwa kunyolewa kunatosha.

Kizunguzungu kikija pamoja na mdomo kwenda upande, maneno kukwama, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kulegea, kushindwa kumeza au maumivu makali ya ghafla ya kichwa au shingo, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.