Masala ya Maulidi: Kwa Nini Wengine Hawayasomi

Dhahabu ilipoonekana Lupa mwaka 1922, Chunya ilijaa watu wa makabila mengi na dini mbali mbali. Katika mji kama huo jirani humtazama jirani. Ifikapo tarehe 12 ya Mfungo Sita, nyumba moja hupigwa dufu na kupikwa pilau, na ya pili hukaa kimya. Watu huuliza: Je, mwenye nyumba ile hampendi Mtume (s.a.w.)?

HOJA YA WASIOYASOMA. Hawa, na wengi wao leo huitwa Ansari Suna, husema ya kuwa sikukuu ni ibada, na ibada haiwekwi ila na Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Imepokewa kwa Anas ya kuwa Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za mchezo, akawaambia kuwa Mungu amewabadilishia kwa Idi mbili zilizo bora. Wala Masahaba, waliompenda kuliko watu wote, hawakuifanyia mkutano siku ya kuzaliwa kwake. Al-Fakihani, mwanachuoni wa Kimaliki wa Iskandaria, aliandika risala ya kuyapinga.

HOJA YA WANAOYASOMA. Hawa husema ya kuwa kusoma sira, kumsalia Mtume na kulisha watu ni mambo mema, na mema hayawi mabaya kwa kukusanywa pamoja. As-Suyuti, aliyekufa mwaka 1505, aliyahesabu kuwa ni bidaa njema. Tena Mtume alipoulizwa juu ya saumu ya Jumatatu, alijibu kuwa ndiyo siku aliyozaliwa.

FAIDA. Hadithi hii ya saumu imo katika Sahihi Muslim, na pande zote mbili huikubali. Basi yumkini mwenye nyumba ya kimya hufunga kila Jumatatu, na jirani yake hana khabari. Khitilafu haiko katika mapenzi. Iko katika swali hili: nani mwenye haki ya kuweka sikukuu? Mashahidi wa Yehova nao hawafanyi Krismasi, wakisema Yesu hakuamuru siku ya kuzaliwa kwake isherehekewe. Wala hawasemi kuwa hawamheshimu.

TANBIHI. Serikali ya Tanzania imeifanya siku ya Maulidi kuwa ya mapumziko, na mapumziko hayamlazimishi mtu kusoma wala kuacha. Ama salamu, kumzuru mgonjwa na kufuata jeneza, hizo ni haki za Mwislamu juu ya Mwislamu. Mwenye kumnyima jirani yake haki hizo kwa ajili ya masala haya, awe msomaji wa Maulidi au asiyeyasoma, ameacha jambo lisilo na khitilafu kwa ajili ya lenye khitilafu.

Wallahu aalam.