Mtoto Anayeuliza Juu ya Mawe

Fundisho kwa wazazi na walimu wa watoto
Kusoma: Yoshua 3 na 4

Katika fundisho hili tunataka kutazama pamoja namna ya kuwapa watoto wadogo habari za kale za Biblia. Wengi wanafikiri kwamba kazi hii ni ya mwalimu wa siku ya Mungu peke yake. Lakini Maandiko yanaiweka kwanza nyumbani, tena yanatuonyesha njia ya kuifanya.

1. Mungu alitaka mtoto aulize

Waisraeli walipofika Yordani ilikuwa wakati wa mavuno, na mto ulikuwa umejaa mpaka kingo zake. Makuhani waliobeba Sanduku la Agano walipotia miguu majini, maji yaliyotoka juu yakasimama, na taifa zima likavuka pakavu. Ndipo Mungu akaagiza wachaguliwe watu 12, mmoja kwa kila kabila. Kila mmoja alibeba jiwe begani, kutoka mahali penyewe makuhani waliposimama. Mawe hayo yakasimamishwa Gilgali.

Yalisimamishwa kwa nini? Soma mstari wa 6 na wa 21. Mara mbili Yoshua anasema kwamba siku zijazo watoto watayaona mawe na kuuliza maana yake. Mungu aliweka kitu cha kuonekana kwa macho, halafu akangoja swali la mtoto. Ni vivyo hivyo katika Kutoka 12 juu ya Pasaka, katika Kutoka 13 juu ya wazaliwa wa kwanza, na katika Kumbukumbu la Torati 6 juu ya amri za Mungu: mtoto anauliza, mzazi anajibu.

Basi mtoto anayeuliza hakukosa adabu. Amefungua mlango ambao Mungu mwenyewe aliutengeneza.

2. Jibu linaanza na kazi ya Mungu

Angalieni jibu ambalo wazazi walipewa. Kwanza waseme kwamba Israeli walivuka pakavu. Kisha waseme kwamba Mungu ndiye aliyekausha maji, kama alivyofanya mbele kwenye Bahari ya Shamu. Neno la kumcha Mungu linakuja mwishoni, katika mstari wa 24.

Katika nyumba nyingi mambo yanageuzwa. Habari haijafika katikati, na mzazi ameisha kusema: “Unaona? Usiposikia, Mungu atakupiga!” Mtoto anakumbuka fimbo, na mto anausahau. Wengine wanachukua habari ya Elisha na dubu (2 Wafalme 2) kumtisha mtoto wa miaka minne asiyetaka kulala. Wengine wanasimulia gharika na kuishia kwenye maji. Lakini habari ya Noa inafika mpaka upinde wa mvua na ahadi ya Mungu. Mtoto aliyepewa gharika bila upinde ataogopa kila mvua inayonyesha, na atamwogopa Mungu kama vile mtu anavyomwogopa adui. Akikua, atamkimbia.

3. Swali lililo gumu

Tukiwaacha watoto waulize, wataleta pia maswali mazito. Mtoto wa Goma amezoea mawe. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Mawe meusi yaliyobaki, watu wamejengea kuta na nyumba. Mtoto huyo akisikia habari ya Gilgali anaweza kuuliza: “Maji ya Yordani yalisimama. Mbona moto wetu haukusimama? Mungu aliwapenda wale kuliko sisi?” Na mtoto aliyekimbia vita anaweza kuuliza vilevile juu ya baba yake au dada yake.

Tumjibu nini? Tusimwambie anyamaze. Tena tusimwambie kwamba waliopoteza nyumba au ndugu walikuwa wenye zambi kuliko wengine. Bwana Yesu alikataza neno hilo katika Luka 13, aliposema juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Naye mwenyewe msalabani alimuuliza Baba kwa nini amemwacha. Kama Mwana wa Mungu aliuliza, mtoto wetu hatendi zambi akiuliza.

Tumwambie kwa upole: “Mtoto wangu, hatujui mambo yote. Lakini Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro, naye anajua machozi yetu. Na Mungu hakutuacha.” Halafu tumhesabie yale tuliyoyaona: jirani aliyetufungulia mlango, mama aliyegawa unga kidogo aliokuwa nao, watu walioomba pamoja nasi usiku. Hayo nayo ni mawe ya ukumbusho. Mtoto anahitaji kuyajua.

4. Asiitwe mchawi

Kuna neno la kuhuzunisha ambalo hatuwezi kulificha. Katika inchi yetu, mtoto anayeuliza sana, anayeamka usiku au anayesimulia ndoto anaweza kuitwa mchawi na kufukuzwa nyumbani. Sheria ya Serikali inakataza jambo hilo: Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, imeandika wazi kwamba kumsingizia mtoto uchawi kunaazibiwa.

Lakini sisi watu wa kanisa tulikuwa na shahidi mbele ya sheria hiyo. Samweli kijana aliamka usiku mara tatu, akakimbilia kwa Eli (1 Samweli 3). Mzee hakumfunga kamba wala hakumnyima chakula. Alimsikiliza, akatambua kwamba ni Mungu anayeita, akamfundisha namna ya kuitika. Kama Eli angemfukuza usiku ule, nani angemfundisha Samweli kuitika?

5. Namna ya kufanya nyumbani

Kazi hii haiombi feza wala vitabu vingi.

– Waache watoto waokote mawe 12 na kuyapanga mahali panapoonekana, karibu na mlango.
– Chora mto kwa kijiti katika udongo. Mtoto mmoja awe kuhani, wengine wavuke.
– Simulia habari kwa maneno mafupi, mpaka mwisho wake. Dakika kumi zinatosha kwa mtoto mdogo.
– Nyamaza kidogo. Ngoja swali. Lisipokuja leo, litakuja kesho atakapoyaona mawe tena.
– Kesho yake mtoto mwenyewe asimulie. Asikosolewe kila neno.
– Mwisho, kila mtu ataje jambo moja ambalo Mungu alifanya kwa jamaa yenu, na mmoja wa watoto afunge kwa maombi.

Wapendwa, wale waliovuka Yordani walikufa wote, na sisi pia tutapita. Mawe hayana kinywa. Ni lazima mtu mzima awepo wa kujibu mtoto anapouliza. Basi juma hili, katika kila nyumba, mtoto mmoja aulize na mkubwa mmoja akae chini amjibu. Bwana awape uvumilivu na maneno mema. Amina.