Kaye ya Mjitolea: Unachoandika Kinaweza Kumponza Mtoto

Kwa wajitolea wa elimu, wazazi na madirekta wa shule za Masisi na Walikale

Tumetoa kijitabu hiki kwa sababu ya malalamiko. Wazazi wanawafungia mlango wajitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kuandika watoto wasiosoma. Wanauliza: majina haya yanakwenda wapi? Wana haki ya kuuliza. Penye vita, orodha ya majina huweza kuleta msaada, na huweza kuleta mtu mwenye bunduki.

Onyo letu ni moja, na tutalirudia: usiandike popote kwamba mtoto ametoka porini, yaani kwenye kundi la silaha. Usiandike kundi, kamanda wala mwaka aliotoka. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza mtoto jeshini au kwenye kundi lolote la silaha. Aliyebebeshwa maji, mizigo au bunduki amekosewa yeye. Lakini kaye yako ikishikwa kwenye kizuizi cha barabara ya Sake, mstari mmoja ulioandikwa kwa nia njema unatosha kumrudisha porini, au kumfanya ahesabiwe adui. Msichana huongezewa aibu: majirani watamnyooshea kidole, naye hatakanyaga tena darasani.

Hatari huingilia kwenye safu ya “sababu ya kuacha shule”. Hapo andika neno moja tu kati ya haya: vita, pesa, kazi. Anayebeba mawe ya koltani Rubaya ni “kazi”, na wa machimbo ya Walikale vivyo hivyo. Aliyetoka porini ni “vita”, sawasawa na aliyekimbia akiwa mgongoni mwa mama yake. Ukurasa mzuri unasomeka hivi: jina, miaka 11, aliishia darasa la pili, analelewa na shangazi, hana kalamu. Basi. Usiupige picha, usiutume kwa WhatsApp.

Mtoto akikusimulia mwenyewe, msikilize. Usimchimbe kwa maswali. Mpeleke kwa miguu yako hadi kwa watu wa RECOPE, mtandao wa jamii wa ulinzi wa mtoto, useme kwa mdomo. Tunarudia: kwa mdomo.

Kuhusu pesa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Tangu Septemba 2019 ndivyo ilivyoamriwa kutekelezwa. Mjitolea anayedai hata franga mia ili aandike jina anamwibia mtoto. Tunajua kuna walimu ambao bado hawajaingia kwenye orodha ya mishahara. Ni dhuluma, lakini deni hilo ni la serikali. Mtoto asifukuzwe darasani kwa ajili yake.

Wa miaka 6 aingie darasa la kwanza. Aliyepitwa na umri aombewe nafasi kwenye kituo cha kufidia masomo, ambako madarasa sita husomwa kwa miaka mitatu. Asiye na cheti cha kuzaliwa aandikwe vilevile, cheti kifuatwe baadaye. Masharti mengine direkta atawaeleza.

Kuandikisha ni nusu ya kazi. Mwaka 2025, kambi nyingi za pembeni ya Goma zilipoondolewa, familia zilirudi Masisi na watoto waliokatiwa masomo njiani. Mtoto wa namna hiyo huanza vizuri Jumatatu, Alhamisi yuko shambani. Pita darasani kila wiki katika mwezi wake wa kwanza. Akikosa siku mbili, nenda nyumbani kabla ya siku ya tatu, uongee na mama kwa upole.

Tunajivunia wajitolea wetu. Hawana mshahara, wanapanda vilima vya Masisi katika matope, na wapo watoto wanaosoma leo kwa sababu yao. Ndiyo maana atakayeuza, kuonyesha au kuazimisha kaye yake ataondolewa siku hiyohiyo.

Kaye ikae nyumbani mahali pamoja, panapojulikana na wewe tu. Risasi zikianza na mkalazimika kukimbia, zichome kurasa zenye majina kabla ya kufunga mzigo. Mkifika salama, wazazi watayataja tena majina ya watoto wao.