Lewis Edwards, Mwalimu wa Bala

Upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania iko nchi ndogo ya milima, jina lake Wales. Wenyeji wake wana lugha yao wenyewe, Kiwelisi, nayo haifanani na Kiingereza. Biblia nzima ilichapwa kwa lugha hiyo mwaka 1588, na kwa hiyo wakulima na wachunga kondoo wengi walikuja kuzoea kusoma. Lakini mtu aliyetaka elimu ya juu alilazimika kuitafuta katika lugha ya wageni.

Huko, karibu na mji wa Aberystwyth, Lewis Edwards alizaliwa mwaka 1809, mwana wa mkulima. Alikuwa mtu wa kanisa la Wamethodisti wa Wales. Kanisa hilo halikuwa na chuo, na wazee wengi walidhani kwamba elimu nyingi humpoza mhubiri. Lewis hakuliacha kanisa lake, wala hakuikubali fikira hiyo. Mwaka 1833 alikwenda Edinburgh, katika nchi ya Scotland, akasoma chini ya walimu mashuhuri kama Thomas Chalmers. Masomo yale yalikuwa ya miaka minne, lakini yeye alipewa ruhusa kupokea shahada baada ya miaka mitatu.

Mtu mwenye shahada angaliweza kukaa katika miji mikubwa akapata heshima. Yeye alirudi kwao. Mwaka 1836 alimwoa Jane Charles, na mwaka 1837, pamoja na shemeji yake David Charles, alifungua shule katika mji mdogo wa Bala ili kuwafundisha vijana watakaohubiri.

Hata hivyo, shule moja huwafikia wachache. Basi mwaka 1845 yeye na Roger Edwards (ambaye hakuwa nduguye, ijapokuwa jina ni moja) walianzisha jarida la Kiwelisi liitwalo *Y Traethodydd*, lililotoka kila miezi mitatu. Humo Lewis aliandika habari za Homer, mshairi wa Wayunani, na Milton wa Uingereza, na Goethe na Kant wa Ujerumani. Mwaka 1847 wakaguzi waliotumwa na serikali walitoa taarifa juu ya shule za Wales, wakasema kwamba Kiwelisi kinawazuia watu kuendelea. Nao walisema hayo wakati jarida lile lilikuwa likisomwa kwa mwaka wa tatu!

Kitabu chake kikubwa, *Athrawiaeth yr Iawn*, kilitoka mwaka 1860, nacho chaeleza mafundisho ya upatanisho kwa kifo cha Kristo. Alikiandika kama mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi. Njia hiyo ilikuwa njema, kwa kuwa mwanafunzi huleta shaka zile zile alizo nazo msomaji, na mwalimu hana budi kuzijibu.

Lakini si kila neno lake liliwapendeza watu wa Wales. Waingereza wengi walipohamia nchini, alitaka wajengewe makanisa ya Kiingereza. Kijana mmoja, Emrys ap Iwan, alipinga kwa ukali, akiihofia lugha yake. Mwaka 1881 kijana huyo alinyimwa kuwekwa kuwa mchungaji, akawekwa mwaka 1883.

Lewis Edwards alifariki mwaka 1887, akiwa ameiongoza shule ya Bala miaka 50. Karne ya 21 ilipoanza, *Y Traethodydd* lilikuwa lingali likichapwa, na kwa Kiwelisi.