Mwendo wa Prosesa na Joto Lake

Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya Celeron 300A, yenye mwendo wa megahezi 300: mapigo 66.7 ya ubao mkuu yakizidishwa kwa 4.5. Mapigo hayo yalipopandishwa hadi 100, prosesa nyingi za aina hiyo zilimudu megahezi 450. Basi, chagua prosesa yenye akiba ya mwendo.

Hata hivyo, joto huongezeka sawia na mwendo, na pia sawia na mraba wa volteji. Mwendo ukizidishwa kwa 1.5 na volteji kwa 1.1, joto huzidi takriban mara 1.8, prosesa isiyopozwa vyema huweza kuharibika. Hivyo, volteji iguswe mwisho. Paka utando mwembamba wa grisi ya kupitisha joto, uzibe mianya ya hewa, kisha funga bapa la alumini na feni.

Zoezi: Volteji ikipanda kwa asilimia 20 pasipo mwendo kubadilika, joto litazidi mara ngapi?