Kabla Hujachukua Mtoto wa Mbwa, Mwone Mama Yake



Sisi watu wa Nyololo tunafuga mbwa kwa kazi. Mbwa analinda nyumba usiku. Anafukuza nyani na ngedere mahindi yakianza kubeba. Anafuatana na watoto wakienda kuchunga. Lakini je, mbwa huyu tunampataje?

Mtu akinunua ng'ombe, humkagua meno na kiwele. Huuliza katoka zizi la nani. Akichukua mtoto wa mbwa, haulizi kitu. Anampokea kilabuni, kikombe cha ulanzi kiko mkononi, anamtia kikapuni, huyoo nyumbani. Kesho yake watoto wanacheza naye, analamba mikono yao na nyuso zao. Mama yake mbwa ni nani? Ana chanjo? Hakuna ajuaye.

Tunasema hivyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu uko katika mate ya mbwa mgonjwa. Huingia kwa kuumwa, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, karibu daima hufa. Inakadiriwa kuwa duniani hufa watu 59,000 kila mwaka. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Tena ugonjwa huu una ujanja. Mbwa akiumwa na mwenzake mwenye kichaa, haugui siku ile ile. Anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, anakula na kucheza kama kawaida. Kwa hiyo kumtazama tu mtoto wa mbwa hakutoshi. Lazima ujue alikotoka.

Kijiji chetu kiko kwenye barabara kuu, kati ya Mafinga na Makambako. Magari yanapita usiku na mchana. Mbwa aliyepandishwa gari Mbeya asubuhi, jioni anaweza kuwa hapa, na ugonjwa ndani yake. Tujifunze kwa wenzetu wa Pemba. Walichanja mbwa wao, na mwaka 2014 kichaa kikatoweka kisiwani. Mwaka 2016 kikarudi. Wataalamu walipochunguza waliona kuwa kimeingia kutoka nje. Virusi havivuki bahari vyenyewe, na mbwa haogelei kutoka bara mpaka Pemba. Ni watu waliomsafirisha mbwa mgonjwa bila kujua. Ikabidi wachanje tena, mpaka kikaisha mwaka 2018. Kazi ya miaka iliharibiwa na safari ya chombo kimoja au viwili.

Sasa tuseme unataka mtoto wa mbwa. Mwenye mbwa anakuambia, "Ndugu yangu, huyu hapa, mchukue." Usiharakishe. Mwambie, "Ahsante, lakini nitafika nyumbani kwako nimwone mama yake." Akisema nyumbani ni mbali, au mama amekufa, au anazungukazunguka na maneno, achana naye. Mbwa si chumvi kwamba usipompata leo hutakula.

Ukifika, piga hodi, sema "Kamwene", halafu tazama. Mama mbwa akikubwekea, hiyo ni kazi yake. Lakini bwana wake akimwita, je, anatulia? Au anajificha na mkia katikati ya miguu, kama anayepigwa kila siku? Watoto huiga mama yao, na mbwa mwoga ndiye anayeuma watu ovyo. Tazama pia kama amekonda mno. Mbwa jike anayezaa kila mara bila kupumzika hawezi kunyonyesha vizuri.

Omba kuona cheti cha chanjo ya mama. Nawe sasa unajua kusoma, hicho kisomo ndiyo faida yake! Soma tarehe. Kama ni ya miaka mitatu iliyopita na hakurudiwa, hiyo si kinga ya kutegemea.

Uliza umri wa mtoto. Asichukuliwe kabla ya wiki 8. Katika wiki hizo ananyonya, na anacheza na ndugu zake. Akimng'ata mwenzake sana, mwenzake analia na kuacha mchezo. Ndivyo anavyojifunza kupunguza meno. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, kumtoa kwa mama akiwa na wiki 4 ni kumtafutia kifo.

Mshike. Macho yawe safi, pua isitoe makamasi, ngozi isiwe na upele. Tumbo kubwa na mbavu nje ni dalili ya minyoo. Minyoo hiyo hutoka kwa mama, na mayai yake yakiwa kwenye udongo huweza kuwapata watoto wetu. Tazama na chini ya mkia. Anayeharisha damu usimpeleke kwako.

Mwenye mbwa mwema naye atakuuliza: utamlaza wapi, atakula nini, nani atamtunza ukisafiri? Usikasirike. Huyo ndiye mtu wa kununua kwake, hata akidai bei zaidi ya kuku mmoja. Wauzaji wengine husifu "mbwa wa kizungu". Sisi hatuoni haja. Mbwa mkubwa hula ugali mwingi, na wa kienyeji anabweka vilevile.

Ukishamchukua, mpeleke kwa bwana mifugo apate dawa ya minyoo na kupangiwa chanjo ya kichaa. Siku ya kampeni ya chanjo kijijini, wapelekwe wote, hata wadogo. Na akimuuma mtu, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msingoje kuona mbwa atakuwaje.

Maswali ya kikundi: Kitongoji chetu kina mbwa wangapi? Wangapi wana cheti? Ili kichaa kisienee, mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Je, sisi tunafika? Andikeni hesabu hiyo, mumpelekee bwana mifugo.