CHOO CHAKO KINAKARIBIA KUJAA?
Somo kwa wamama wa Mumosho, siku ya kupima watoto



Wengi wenu muko na choo cha shimo nyuma ya nyumba. Kukichimba ni kazi kubwa, na kikiisha kuchimbwa watu wanakisahau. Ukiuliza habari zake, wanajibu: "Iko bado, tutaona." Lakini choo hakijai kwa siku moja. Kinatoa alama mbele. Somo la leo ni kuzijua alama hizo, ili shimo jipya liwe tayari kabla la zamani halijaisha.

1. KWA NINI TUSINGOJE?

Hapa kwetu nyumba ziko mlimani, na watu wanateka maji chini. Shimo likijaa, mvua inaingia, uchafu unapanda na kutelemka mpaka kwenye chemchem na mto Ruzizi. Uchafu huo unabeba kolera, tifoidi, kuhara damu na minyoo. Mtoto mdogo ndiye anaumia wa kwanza, kwa sababu maji ya mwili wake yanaisha upesi.

Jambo hili lilionekana wazi katika mji wa London, Uingereza, mwaka 1854. Kolera iliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja. Daktari John Snow alitambua kwamba wagonjwa wengi walikunywa maji ya kisima kimoja. Baadaye ikajulikana kwamba mama mmoja alikuwa amefua vitambaa vya mtoto wake mchanga mwenye kuhara, akamwaga maji yale katika shimo la uchafu la nyumba. Shimo lile lilikuwa limezeeka, matofali yake yamelegea, na kutoka pale mpaka kisima haikufika hata mita 1. Mama yule hakujua. Sisi tunajua.

2. PIMA SHIMO LAKO

Funga jiwe kwenye kamba, ulitelemshe polepole mpaka liguse uchafu. Weka fundo pale kamba inapofika kwenye tundu la choo, halafu pima urefu wake. Kisha tupa jiwe shimoni na unawe mikono kwa sabuni. Fanya hivi kila kiangazi, uandike hesabu.

Mfano: mwaka jana ulipata mita 1 na nusu. Mwaka huu umepata mita 1. Basi shimo linapanda sentimita 50 kwa mwaka. Mwaka ujao zitabaki sentimita 50 tu, na hapo ndipo mwisho: choo kisitumiwe tena. Kwa hiyo chimba kiangazi hiki, usingoje kingine.

Jamaa ya watu 8, yenye shimo la mita 1 kwa mita 1 na urefu wa kwenda chini mita 3, inaweza kulitumia karibu miaka 5. Mkitupa humo magunzi ya mahindi, majani na takataka, haitafika miaka 4.

3. ALAMA ZA KUBADILISHA CHOO

– Uchafu umebaki sentimita 50 kufika juu.
– Udongo unapasuka kando ya shimo, ao choo kinainama.
– Miti ya sakafu imeliwa na mchwa, ao inalia na kucheza ukiikanyaga. Usingoje mtoto atumbukie! Hata kama shimo halijajaa, funga choo leo mpaka sakafu itengenezwe.
– Wakati wa mvua maji yanapanda shimoni, na kiangazi yanashuka. Shimo hilo linakutana na maji ya chini ya udongo. Lihamishwe.

4. ALAMA AMBAZO SI ZA KUJAA

Harufu na nzi peke yake haviseme choo kimejaa. Weka kifuniko kwenye tundu, mwaga majivu kidogo, fagia kila siku. Usimwage petroli ao chumvi ukifikiri uchafu utashuka, haushuki. Tena mtu asiingie shimoni kulichota, kwa sababu hewa ya ndani inaweza kumwua palepale.

5. WENYE FOSI SEPTIKI

Ndugu zetu wa Bukavu wenye choo cha maji nao wana alama zao: maji yanakawia kushuka, harufu inarudi nyumbani, udongo wa nje unalowana hata bila mvua. Kwanza fosi itolewe uchafu. Ikiisha kutolewa, na baada ya majuma machache maji yanarudi juu tena, kosa si kujaa. Lile shimo la pili linalopeleka maji udongoni limeziba. Hilo ndilo la kubadilisha.

6. SHIMO JIPYA NA LA ZAMANI

Chimba wakati wa kiangazi. Liwe mita 30 ao zaidi kutoka chemchem, tena upande wa chini wa chemchem, si juu yake. Liwe mita 6 kutoka nyumba. Inua udongo kuzunguka sakafu, na chimba mfereji mdogo upande wa juu, ili maji ya mvua yapite kando.

La zamani lijaze udongo wa sentimita 50, ushindiliwe sana. Unaweza kupanda mgomba juu yake. Mtu asilifukue kabla ya miaka 2, kwa sababu mayai ya minyoo yanaishi udongoni muda mrefu.

Mama, pengine wewe huchimbi. Lakini wewe ndiwe unayepima na kumwonyesha baba watoto hesabu. Na kama kuna mjane ao mzee kwenye kijiji chenu, ombeni chifu salongo ya siku moja. Choo chake kikimwagika, maji ni yenu wote.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Kamba yako inaonyesha sentimita ngapi?
2. Nani anateka maji chini ya choo chako?
3. Mavi ya mtoto mchanga unayatupa wapi? (Jibu: chooni, na kunawa mikono kwa sabuni.)
4. Mtoto akihara kama maji ya mchele, utafanya nini? (Jibu: endelea kumnyonyesha, mpe maji ya chumvi na sukari, mlete upesi kwenye kituo cha afya, hata usiku.)